Kiti cha Koko Kahindo

Wewe unayesikiliza, kwenu mtu mzima akikaribishwa chakula, anakubali mara ya kwanza? Kwa akina Kahindo hakubali. Ukimwambia karibu ule, anasema ameshiba, hata kama tangu asubuhi hajaonja kitu ila chai kavu. Ukirudia, anasema tumbo linamsumbua. Ukirudia tena, ukamvutia kiti, ukamnawisha mikono, hapo ndipo anaketi na kusema, "Basi nionje kidogo tu, nisikuudhi," kisha anakula mpaka sufuria inalia. Ndivyo Kahindo alivyolelewa milimani kule nyuma ya Butembo, na ndivyo alivyomlea mwanawe Katsuva. Anayekubali mara ya kwanza ni mtoto mdogo au ni mlafi. Na anayealika mara moja tu, huyo hakualika, alisalimia.

Mwaka ule wa vita, Noeli ilipokaribia, Kahindo alikuwa Bunia, mtaa wa Ngezi, katika nyumba ya mwanawe: vyumba viwili na salon, jiko la mabati nje, na ua wa mianzi ambao kuku walikuwa wameutoboa. Alikaa na mkamwana wake Hortense, na mjukuu wake Gentille wa miaka minne, na kitoto Néhémie ambaye meno ya kwanza yalikuwa yanamchokonoa, hivyo kutwa nzima anatafuna kidole cha yeyote aliye karibu. Gentille alikuwa analala kitanda kimoja na koko wake, yaani bibi yake, tangu tumbo la Néhémie lilipoonekana. Alikuwa analala na mguu mmoja juu ya tumbo la koko, kama mtu aliyefunga mbuzi wake asipotee.

Katsuva mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Butembo kununua vitenge na sabuni za duka, na nyuma yake barabara ikafa. Upande wa Komanda malori yalichomwa, na hakuna dereva aliyekubali kupita tena. Baba akabaki upande mmoja, watoto upande mwingine, na katikati pori lenye bunduki.

Mjini nako hewa ilikuwa imeharibika. Watu waliotoka upande wa Butembo, kama wao, walianza kuambiwa sokoni warudi kwao. Duka la Katsuva lilivunjwa mchana, watu wakitazama. Waliochukua walichukua mpaka mlango. Mlio wa bunduki ulipotoka kwenye vilima, Gentille aliweza kukuambia upi ni wa mbali, na upi ni wa kuingia nao chini ya kitanda.

Ndipo mtu akaja kuwaambia kwamba Katsuva anawaita kwenye foni.

*

Foni ilikuwa redio ya kuzungumzia, imewekwa juu ya meza katika chumba cha Floribert, pale karibu na soko. Waya wake ulipanda juu ya paa mpaka kwenye mti wa mlingoti. Chumba kilikuwa na benchi mbili, na watu wote waliokaa pale kungoja zamu walisikia habari za kila mtu: nani amekufa, nani ameoa, nani anadaiwa. Hakukuwa na siri mbele ya foni. Hata wenye bunduki walikuwa na redio zao, na wao pia walisikiliza.

Floribert alimkalisha Kahindo mbele ya kile chombo, akamwekea kitu cha kushika mkononi.

"Koko, sikia muzuri. Hapa batu banaongeaka mumoja mumoja. Ukimaliza unasema 'à vous', unaachilia hii kidude. Usipoachilia, mwenzako hasikii kitu. Na ufanye mbio, betri yangu inaisha."

Sauti ya Katsuva ilitoka ndani ya mikwaruzo, nyembamba, kama sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

"Mama, jambo! Batoto bako je? Musikie. Noeli inafika. Nataka mukuje vakansi huku Butembo. Vakansi ya kweli, ya murefu. Nimeshaongea na batu ba ndege, beko na nafasi tatu. Mama Gentille na mutoto kwa mapaja, Gentille kiti yake, na weye kiti yako. Mama, utakuja? À vous."

"Vakansi!" mwanamume mmoja kwenye benchi alisema. "Hata siye tunatafuta hiyo vakansi." Watu wakacheka kidogo, cheko la kuangalia mlango. Kila mmoja mle ndani alielewa kwamba likizo hiyo ni jina tu, maana mtu hawezi kusema kwa foni: kimbieni.

Moyo wa Kahindo uliruka. Aliiona Butembo yote mara moja: baridi ya asubuhi inayotoka mdomoni kama moshi, viazi vya kuchoma kwenye majivu, dada yake Mbambu amevaa soksi ndani ya sandali, kanisa limejaa na ngoma hazijaanza. Alitaka kwenda. Mdomo wake, ambao ulikuwa umefundishwa kabla yake, ukajibu ulivyofundishwa.

"Ah, miye! Miye niende kufanya nini kule na magoti haya? Na nyumba tunaachia nani? Muende nyinyi. Miye ntabaki." Akatazama kile kidude. "À vous."

Aliisema ile "à vous" kwa sauti laini, imepinda mwishoni, sauti ya mtu anayejua kwamba sasa ataombwa. Kama Katsuva angekuwa mbele yake angeshika mkono wake, angesema, mama usiniue na mawazo. Naye angesema, niacheni na uzee wangu. Naye Katsuva angesema, siondoki hapa bila weye. Na hapo angekubali.

Lakini foni haina mikono. Mikwaruzo ikapita, kisha ile sauti ya debe:

"Sawa, mama. Nimesikia. Ni vile unasema. Nitaambia batu ba ndege batoe jina yako. Huku batu beko mulongo nyuma yangu, banafokafoka. Mungu akulinde. Terminé."

"Ngoja," Kahindo alisema. "Katsuva. Ngoja kwanza."

"Ameshafunga, koko," Floribert alisema. Alikuwa tayari ananyoosha mkono kumpokonya kile kidude. "Anayefuata!"

Kahindo alisimama. Akamtazama Hortense, kwa maana bado kulikuwa na Hortense. Mkamwana anaweza kusema pale mwana aliposhindwa. Hortense alikuwa amesimama karibu na mlango, Néhémie mgongoni, macho chini. Alikuwa mtoto wa watu wenye adabu naye. Kwao mkamwana hajibu neno la mama mkwe, wala halipimi, wala haligeuzi. Likishatoka limetoka.

"Sawa, mama," Hortense alisema, akakunja goti kidogo kwa heshima. Na wakatoka nje, adabu mbili zimekutana na kuumizana, na hakuna aliyelia.

*

Siku zilizofuata Kahindo alifuma. Alikuwa na mpira wa sufu nyekundu na mwingine wa rangi ya majivu, akachanganya. Butembo ina baridi, na watoto hawa walizaliwa kwenye joto. Néhémie alifumiwa kofia yenye masikio na soksi za kufunga na kamba. Gentille alifumiwa tiriko, sweta yenye shingo ndefu, akaivaa kabla mikono haijaisha, akatembea nayo ua mzima jasho likimtoka.

"Tunaenda vakansi!" alimwambia kila aliyepita nyuma ya ua. "Siye tunaenda vakansi na ndege! Huko iko baridi mpaka meno inacheza!"

"Ee, weye mutoto wa minisitre," Angélique alimjibu. Angélique alikuwa jirani wa upande wa chini, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Kabila lake halikuwa likitafutwa wakati ule. "Na mimi utaniletea nini?"

"Nitakuletea baridi."

"Uifunge muzuri, isimwagike."

Kahindo alicheka nao. Kisha Gentille akaja kukaa katikati ya miguu yake, akashika mpira wa sufu.

"Koko, na tiriko yako iko wapi?"

"Miye siko na tiriko."

"Utasikia baridi."

"Miye ntabaki hapa kulinda kuku."

Gentille alifikiri. "Kuku hawataki vakansi?"

"Hawataki."

"Na weye hutaki?"

"Bazee habaendake vakansi," Kahindo alisema, akavuta uzi. "Inua mukono nipime."

Hortense alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila neno lilimfikia. Jioni ile, walipokuwa wanachambua mchele pamoja, kila mmoja na ungo wake, alivuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"Mama."

"Ehe."

"Ile maneno ya kwa foni."

Vidole vya Kahindo vilisimama juu ya mchele. "Ilikuwa na nini?"

"Nilikuwa nawaza tu. Nyumba… Angélique anaweza kuitazama. Aliniambia mwenyewe."

Mungu ni mwema, Kahindo aliwaza. Ameanza. Joto lilimpanda kifuani, akaona soksi za Mbambu, akaona viazi. Sasa ilibaki kukataa vizuri, mara hii moja, halafu mtoto huyu ataongeza neno, na mambo yatakwisha kama yanavyokwishaga. Akanyoosha shingo.

"Angélique iko na nyumba yake. Unataka siku moja batu baseme Kahindo aliacha nyumba ya mutoto wake juu ya kukimbilia nyama ya Noeli? Apana, Mama Gentille. Neno nililisema."

Alirudisha macho kwenye ungo, akangoja. Aliokota jiwe dogo, akalitupa. Akaokota lingine. Hortense alikuwa amegandisha mikono. Kwa sikio la Hortense, lile lilikuwa karipio, na ni kweli kwamba lilifanana na karipio. Mara ya kwanza katika ndoa yake alikuwa amegusa neno la mama mkwe, na tazama.

"Munisamehe, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Sitarudilia tena."

Na hakurudilia. Alinyanyuka na ungo wake, akaenda jikoni kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Kahindo alibaki pale na mchele wake uliokwisha kuwa safi, akaendelea kuuchambua.

*

Juma lile maiti ziliokotwa karibu na mto, na familia mbili za upande wa Butembo zilihama Ngezi bila kuaga. Kuku wao walibaki wakilia uani. Asubuhi moja Kahindo alimwambia Hortense kwamba anaenda kutafuta chumvi. Alijifunga kikwembe kizuri, kitenge cha kanisani, na Hortense aliona kwamba chumvi haitafutwi hivyo, lakini hakuuliza.

Alikwenda bilo ya ndege, ofisi ya kukatia tiketi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Angesema, mwanangu alisahau kuthibitisha. Hapana. Angesema, nimebadilisha wazo. Lakini mzee anabadilishaje wazo mbele ya vijana? Angesema, niliambiwa kuna nafasi. Hilo lilikuwa zuri zaidi, kwa sababu halikuwa na mtu ndani yake.

Bilo ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, na nyuma ya kaunta kijana mmoja jina lake Lionel, shati jeupe, kravati, kalamu sikioni. Watu walikuwa wamebanana. Mbele ya kaunta palikuwa na mchuuzi wa dhahabu anayeitwa Abdoul, bwana mnene mwenye kofia nyeupe na kicheko cha kujaza chumba. Alikuwa amesimama juu ya katoni zake kama anazilea.

"Lakini Lionel, weye unasema ndege imejaa. Siku ya mbele ulisema imejaa. Leo umenipatia wapi nafasi ya makatoni yangu?"

"Shukuru Mungu, papa Abdoul. Kuna koko mumoja alikataa kiti yake."

"Alikataa?"

"Alikataa kwa foni. Mutoto wake alikuwa ameshamupangia. Akasema anabaki kulinda nyumba."

"Ku vita hii?" Abdoul alishika kofia yake. "Kulinda nyumba na nini? Na mwiko?"

Chumba kizima kilicheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema, "Huyo kichwa yake si nzima. Mimi banipatie hata pa kusimama, nitasimama mpaka Butembo na mguu mumoja." Wakacheka tena.

Kahindo naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka pamoja nao, akajipigapiga paja kama mtu aliyesikia jambo geni. Kisha Lionel akamwona.

"Koko, weye ulitaka nini?"

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yametawanyika. Alishika ncha ya kikwembe.

"Nilikuja kuuliza tu, mwana. Mutoto mudogo wa miaka nne anabebaka kilo ngapi?"

"Mutoto anabeba roho yake na kikapu kidogo."

"Aksanti, mwana."

"Aksanti, koko. Anayefuata!"

Alirudi Ngezi na chumvi, kwa sababu aliisema. Aliinunua kwa Angélique mwenyewe, njia ya nyuma, kopo moja ambalo tayari lilikuwa nusu.

*

Siku ya safari jua lilitoka safi, jua la kiangazi, bila hata wingu moja. Wasafiri na wanaosindikiza walikusanyika kwenye nyasi pembeni ya uwanja, kila mmoja na mzigo wake na Mungu wake. Mizani ya kupimia kahawa ilikuwa imewekwa chini ya turubai, na kila mtu alipandishwa juu yake, mkubwa na mdogo, kama gunia. Wanawake walipanda wakishika nguo zao pembeni. Lionel alisoma namba kwa sauti, na watu walisikia uzito wa kila mtu.

Gentille alipanda amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, na tiriko nyekundu juu yake. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Huyu mutoto iko na homa?" Lionel aliuliza.

"Apana," Kahindo alisema. "Amevaa Noeli yake yote kwa mwili."

Hata Lionel alicheka. Akamwacha apite na magauni yake. Lakini kikapu cha Hortense kilizidi.

"Mama, utoe kitu. Hapa tunaenda juu, hatuendi soko."

Hortense alipiga magoti kwenye nyasi, akafungua kikapu mbele ya watu. Nguo za ndani zilionekana, na nepi za Néhémie, na kopo la maziwa. Alitazama kila kitu bila kujua cha kushika. Kahindo aliinama, akatoa karanga za kukaanga alizozifunga kwa karatasi, akatoa na kikwembe kipya cha maua ya manjano, kilichokunjwa bado na lebo yake. Hicho alikuwa anampelekea dada yake Mbambu.

"Mama, apana," Hortense alisema. "Hiyo ni ya mama Mbambu."

"Mbambu iko na nguo." Alivibana chini ya kwapa. "Pima tena, mwana."

Uzito ukapungua. Lionel aliandika kitu. Wapagazi wakaanza kupakia, na Kahindo, aliyekuwa amesimama upande wa mlango, aliona ndani. Ndege ilikuwa ndogo, viti vyake vya kitambaa kilichochakaa. Kwenye kiti cha nyuma, karibu na dirisha, waliweka katoni mbili za Abdoul, moja juu ya nyingine, wakazifunga mkanda. Mpagazi aliuvuta ule mkanda mara mbili kuhakikisha hautafunguka. Kwa uangalifu, namna mtu anavyomfunga mzee.

Majina yakaanza kuitwa. Gentille alikuwa amemshika koko wake kikwembe, kwa mikono yote miwili.

"Njoo, Gentille," Hortense alisema. "Tunaenda kuona papa."

"Na koko."

"Koko anabaki kwanza."

"Na koko!" Mtoto alipiga kelele, na watu wakageuka. "Sitaki vakansi bila koko! Miye nalala na nani?"

Kahindo alichuchumaa. Magoti yalipiga mlio. Alianza kufungua vile vidole, kimoja kimoja, na kila alipofungua kimoja kile cha kwanza kilishika tena.

"Sikia koko yako. Kule utalala na koko Mbambu. Ni koko pia, na tumbo yake ni kubwa kuliko yangu. Utaweka miguu yote mbili."

"Na weye utakuja?"

"Nitakuja."

"Kesho?"

"Kesho."

Gentille alimtazama. Watoto wa vita wanajua kupima maneno ya watu wazima kama wanavyopima mlio wa bunduki, na huyu alijua kwamba hilo lilikuwa la mbali. Vidole vililegea vyenyewe. Hakulia tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akageuka akatembea mbele ya mama yake kuelekea ngazi, mikono imesimama mbali na mwili kwa sababu ya magauni.

Hortense alikuwa amebaki. Néhémie alikuwa amelala mgongoni na kofia yake yenye masikio, ulimi nje. Hortense alitoa ufunguo wa nyumba kifuani, akampa mama mkwe kwa mikono miwili.

"Mama."

"Ehe, mwanangu."

"Kama ningekuwa nimejua…" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mama, weye mwenyewe, moyoni…"

"Mama Gentille!" Lionel aliita. "Unataka tukuache?"

Kahindo aliweka mkono juu ya kofia ya Néhémie, akaubonyeza kidogo, kubariki. Alikuwa na neno. Lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Lakini hata kama lingetoka, lingekwenda kukaa wapi? Kiti kilikuwa kimefungwa mkanda.

"Muende salama," alisema. "Umufunike mutoto kichwa. Kule kuna upepo."

Hortense alikunja goti, akakimbia kidogo kidogo kwenye nyasi, mkono mmoja nyuma kumshika mtoto.

Ndege ilipopaa, wanaosindikiza walipunga mikono mpaka ikawa kama nzi, na bado wengine walipunga. Mwanamke mmoja alikaa chini. Kahindo alisimama na ufunguo, karanga, na kikwembe cha Mbambu, akawa mtu mwenye mizigo yote ya safari ila safari.

*

Alirudi kwa miguu. Angeweza kupanda baisikeli ya toleka, ile ya kukodi, lakini hakukuwa na haraka ya kufika nyumbani. Mbele, karibu na mahali ambapo njia inaingia mjini, palikuwa na kizuizi: kamba ya katani imefungwa kutoka gogo hadi gogo, na wanaume watatu na bunduki zao chini ya kibanda cha majani. Asubuhi, walipopita na watoto, waliokuwa pale walikuwa wengine. Mmoja wa hawa, mtu mzima mwenye ndevu za kuanza kuota mvi, alikuwa amekalia kreti ya bia iliyopinduliwa. Alinyanyua mkono.

"Koko, simama. Unatoka wapi?"

"Kusindikiza batoto kwa ndege, papa."

"Batoto bameenda wapi?"

Hapo palikuwa pabaya, na Kahindo alijua. Mtu akitaja Butembo ametaja na kabila. Lakini uongo wake wote ulikuwa umekwisha asubuhi ile, alikuwa ameutumia kwa mtoto.

"Butembo. Beko naenda vakansi ya Noeli."

"Vakansi!" Wale wengine wawili walicheka. Huyu wa ndevu hakucheka sana. "Na hapo chini ya mukono ni nini?"

"Karanga."

"Lete."

Alimpa. Yule wa ndevu alifungua karatasi, akatia mdomoni kiganja kizima, akawapa wenzake. Kile kikwembe alikitazama, akakiacha.

"Karanga inakaangwa muzuri," alisema. "Na weye, hukutaka hiyo vakansi?"

"Apana, papa. Miye nalinda nyumba."

"Iko wapi?"

"Ngezi."

Mmoja wa wale wawili alisema neno kwa lugha yao, na mwingine akatikisa kichwa. Kahindo aliwaona, akaelewa kwamba nyumba za Ngezi zilikuwa zimekwisha kuzungumzwa mahali fulani, na watu wamekwisha kugawana. Alishika ufunguo ndani ya kiganja. Yule wa ndevu aliendelea kutafuna. Alinyoosha mguu, akaikanyaga ile kamba mpaka ikagusa udongo, ili apite. Kahindo aliinua kikwembe chake kidogo, akavusha mguu mmoja.

"Lakini sema kweli, koko," yule mtu alisema. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa na karanga shavuni, na alimtazama tu kama mtu anayetaka kujua. "Ndege iko pale, batoto beko ndani. Weye hukutaka kwenda?"

Kahindo alisimama, mguu mmoja huku na mmoja kule.

"Nilitaka," alisema. "Nilitaka kwenda, papa. Tangu siku ya kwanza nilitaka kwenda na batoto yangu."